Kadi ya Kijani na Mashine ya Korosho

Jumapili, 6 Julai 2025

Jana kadi imekufa. Saa kumi na moja jioni, chumba changu cha gemu kimejaa, watu wa Newala wamepanda gari kuja kucheza na Masasi — fainali! Kioo kikatoa mistari ya zambarau. Kikazima. Feni zikaendelea kuvuma peke yake. Bila kadi ya grafiksi kompyuta ya gemu ni kasha la bati tu, picha haitoki.

Wakaanza kuzomea. Hamudi alikuwa amesimama mlangoni. Huyu ana duka la simu na chumba chake cha gemu ng'ambo ya barabara, tunaitana mtani. Akapaza sauti: kijani hiyo, Gasper! Nilikwambia! Mtu wa Simba unafugaje kijani ndani ya nyumba? Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Hapo ndipo nikasema. Nikasema Selestini kaniibia. Kaniletea kadi iliyochoka, mpya kaiuza kwa watu wake huko Dar. Nikasema mwizi. Nikarudia, maana wa nyuma walikuwa hawajasikia.

Selestini ni fundi kompyuta wa Newala. Anamposa Priska, mtoto wa dada yangu Scholastika. Mimi ndiye mjomba. Kwetu baba anasikilizwa, lakini anayejibu posa ni mjomba. Washenga walipokuja mwezi wa tatu niliwaambia nimwone kwanza kijana wenu mkono wake. Zamani mchumba alilima shamba la wakwe msimu mzima. Mimi mwenyewe nililima kwa kina mke wangu Ethel, Lulindi, mpaka kucha zikang'oka. Selestini nikamwambia, kulima watu ninao. We nijengee kompyuta.

Alijenga. Alipanda basi mpaka Dar kwa nauli yake kuifuata kadi.

Daftari hili mwanangu Witness aliliacha likizo, kurasa tatu tu zimetumika. Nimeanzia ya nne. Sina mtu wa kumwambia. Ethel tangu jana ananijibu ndiyo na hapana tu.

Jumanne, 8 Julai

Kanisani juzi, sokoni leo, kila mahali: pole Baba Witness, tumesikia umeibiwa. Nasema asante. Nimeshukuru mpaka mdomo umekauka.

Niandike jinsi ile kadi ilivyochaguliwa, maana naona watu wameshaanza kuibadilisha hadithi, na mimi nawaachia.

Wiki mbili tulibishana. Kijani au nyekundu — kwa jinsi maboksi yake yalivyo, ndivyo tunavyoziita. Hamudi alisema chukua nyekundu, 9070 XT. Memori kumi na sita kama mwenzake, bei iko chini, kijani unalipia jina tu. Selestini alisema taratibu, kama anavyosema kila kitu: "Mjomba, nyekundu si mbaya. Sisemi mbaya. Ila gemu unayoipenda wewe, ile ya malori, mvua inanyesha usiku na taa zinang'aa kwenye lami — hapo kijani inachora vizuri zaidi. 5070 Ti. Utafurahi."

Hamudi akamwambia we dogo unauza maneno. Selestini akamwuliza, kaka, umeshawahi kuiona hata moja ikiwaka? Hamudi hakuwahi. Hakusahau ile.

Mimi moyoni nilitaka nyekundu. Nasema kweli hapa. Nikachagua kijani kwa sababu kijani ilikuwa ya Selestini. Ikiwa nzuri, mjomba kachagua mkwe mzuri. Ikiwa mbaya, nina wa kumlaumu. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja nilikaa nikapiga hesabu hiyo!

Jumatano, 9 Julai

Hamudi kaleta nyekundu. Kaifunga kwa karatasi ya duka kama zawadi. "Karibu nyumbani, mtani." Kamwuliza kila aliyepita kama ameona mtu akibadili dini. Tumeiweka ndani ya kasha lilelile la Selestini, feni zilezile, kila kitu kilekile. Nimefuta kidogo na kitambaa. Ikawaka.

Ni nzuri. Siwezi kusema ni mbaya. Lori langu limepita darajani mvua ikinyesha, maji yanatembea kwenye kioo. Vijana wakasema duh. Ila taa kwenye lami... Selestini alisema kweli. Si sawa na ile.

Sikumwambia mtu.

Hamudi ameishika ile iliyokufa, kaigeuza mara mbili, kasema imetumika hii, tazama ilivyochakaa pembeni. Kasema mbele ya watu sita. Mimi niliitoa kwenye boksi kwa mkono wangu, plastiki bado imebana. Nikasema: unaona?

Ijumaa, 11 Julai

Selestini kaja.

Kashuka kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Shikamoo mjomba. Sikuitikia. Mara ya kwanza maishani mtu ananipa shikamoo na mimi naangalia ukuta.

Kasema amesikia, ameomba aione kadi. Nikamwambia ione, si yako? Watu wakacheka. Kakaa chini kwenye kona, kafungua skrubu moja moja, kaondoa mabati ya kupozea joto. Kaangalia. Kainamisha uso karibu sana na kadi, kama mtu anayenusa mchuzi. Akanyanyua kichwa akaniangalia mimi. Siyo kwa hasira. Aliniangalia muda mrefu, na mimi nikaanza kupiga kelele.

Nilisema mengi. Nilisema mama yako alikufundisha kuiba. Nilisema Priska hataolewa na mtu wa kuuza takataka. Kuna mmoja akasema mwizi! na wengine wakashika, mwizi, mwizi, wanapiga meza.

Yeye akasema, "Mjomba, naomba niende nayo." Nikasema beba uchafu wako. Kaifunga kwenye kitambaa. Mlangoni akageuka akaaga. Kaaga kwa heshima, mpaka yule aliyekuwa akipiga meza akaacha.

Hamudi kanunua soda za watu wote.

Jumapili, 13 Julai

Leo naandika.

Siku ile ya kufunga kompyuta Selestini aliniambia: mjomba, vumbi la Masasi hili, kila mwezi upulize ndani. Akaniachia kibomba kidogo cha mpira cha kubonyeza kwa mkono. Mimi nikakidharau. Kibomba gani hiki, cha kupozea uji? Nikakitupa kwenye droo.

Jumamosi tarehe kumi na nne Juni nimetoka shambani Lisekese, tumeanza kupulizia mikorosho. Mashine bado ninayo mgongoni. Mashine ile ukiiwasha inapiga salfa, ule unga wa njano wa kuua ukungu, mpaka kileleni mwa mti mkubwa. Nikaangalia kompyuta, vumbi limejaa kwenye feni. Nikasema moyoni: mimi nina upepo wa kutosha mkoa mzima!

Nikafungua ubavu wa kasha. Nikafunga mlango ili watu wasione. Nikavuta kamba, ikawaka, nikaelekeza bomba.

Nilijua tangi ni tupu. Halikuwa tupu.

Ndani ya kasha, kuta, kioo, viti, mimi mwenyewe — njano. Njano tupu! Sikuona mkono wangu. Nilikohoa nikajua leo nakufa kwenye chumba cha gemu nimevaa buti za shamba. Nikafungua madirisha. Nikafagia. Nikafuta kadi kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kitambaa cha maji. Cha maji! Nikafunga. Nikawasha.

Ikawaka! Nikasema Mungu mkubwa. Nikacheza malori mpaka saa kumi na mbili. Watu wakaja wakauliza mbona pananuka salfa, nikasema ni nguo zangu. Wakanusa kila siku wiki tatu na mimi kila siku ni nguo zangu.

Halafu ikafa.

Sijui kama ni salfa. Fundi si mimi. Inawezekana kadi ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Inawezekana.

Nimesoma niliyoandika. Huyu anayesema "inawezekana" namjua.

Alhamisi, 17 Julai

Washenga wamekuja kuchukua jibu. Mzee Anselmo, baba mkubwa wa Selestini, na mwenzake mmoja. Nimesema hapana.

Dada Scholastika kashukuru. Kasema Gasper, leo umekuwa mjomba. Yeye tangu mwanzo hakumtaka, alitaka mwalimu.

Priska alikuwa jikoni na Ethel. Hakulia. Alikuja akakusanya vikombe, akafuta meza, akafuta mahali nilipoweka mkono wangu bila kuninyanyulia macho.

Mzee Anselmo kasimama mlangoni, kasema: kukataa ni haki yenu, mtoto ni wenu. Ila mmesema neno lingine. Mwizi. Hilo hatuondoki nalo. Tarehe mbili tutakuja na watu wetu, mtuonyeshe wizi, au mlimeze neno lenu hapahapa lilipotapikwa.

Scholastika kasema njooni hata kesho.

Jumanne, 22 Julai

Bwana shamba kapita Lisekese kuangalia upuliziaji. Tumetembea naye mstari kwa mstari. Nikamwuliza kama mchezo: hii salfa, bwana, ukiacha ukungu inakula nini kingine?

"Shaba," kasema. Hakufikiri hata kidogo. "Na fedha. Inazifanya nyeusi, inazila. Waulize wanaoweka redio stoo moja na mifuko."

Nikasema na kwenye joto?

"Joto ndiyo chakula chake. Joto na unyevu. Kwa nini, redio yako imekufa?"

Nikasema redio ya jirani.

Akacheka. Kasema mwambie jirani yako pole.

Kadi ile ukiishika baada ya saa moja ya gemu inachoma mkono. Na mimi nikaipa na maji.

Basi. "Inawezekana" imekwisha leo, chini ya mkorosho wangu mwenyewe.

Alhamisi, 24 Julai

Ethel kasema, akiwa anachambua mboga, bila kunitazama: Baba Witness, zile nguo zako za tarehe kumi na nne nilizifua mara tatu. Hata chupi ilikuwa njano. Shambani huwa unarudi na njano mabegani.

Nikasema unataka kusema nini?

"Mimi? Nachambua mboga."

Nikamgombeza. Nikamwambia mke gani unamhesabia mumeo chupi. Akanyanyuka na ungo wake akaenda kukaa kwa jirani.

Anajua. Toka Juni anajua. Ananingoja.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeenda kufanya kitubio. Kanisani kwetu wazee bado tunafanya, vijana wanaogopa. Padri Reginald kakaa kwenye kiti chake pembeni ya madhabahu, mimi nimepiga magoti. Nilianza na dhambi ndogo. Hasira. Kukosa ibada za katikati ya wiki. Padri kaniacha nizunguke na hizo ndogo mpaka zikaniishia. Nikamwaga yote. Mashine, njano, mwizi, Priska.

Nilipofika kwenye mashine nikasikia pumzi yake imebadilika. Padri alikuwa anazuia kicheko! Nilikasirika hapohapo, nimepiga magoti. Halafu nikasikia hacheki tena.

Kasema: umeniambia mimi, vizuri. Jina la yule mtu ulilichafulia wapi?

Mbele ya watu, Padri.

Basi kalisafishie hapohapo.

Nikauliza, Padri, siwezi kumtumia meseji?

"Kwani ulimwita mwizi kwa meseji?"

Malipizi mengine hakunipa. Hata zaburi moja. Ningependa angenipa zaburi hamsini.

Jumatatu, 28 Julai

Newala.

Baridi. Ukungu umekaa barabarani mpaka saa nne, mtu anatokea puani pako ndipo unamwona. Nimevaa koti la ibada.

Duka lake nalijua, siku zote lilikuwa limejaa. Kompyuta za shule, printa za ofisi, mpaka chini ya meza. Leo meza tupu. Tupu kabisa! Wamekuja wamechukua vitu vyao. Fundi mwizi nani atamwachia kitu? Kabaki na feni moja ya mezani na redio ya bibi mmoja ambaye labda hana mtu wa kumpelekea habari.

Shikamoo mjomba. Kanipa kiti. Kaniagizia chai. Mimi nikazungumza mvua. Nikazungumza korosho. Nikasema mwaka huu maua yametoka vizuri.

Kafungua droo, katoa kile kitambaa, kakifungua mezani. Kadi. Mahali pa shaba pote peusi kama sufuria la pilau. Kwenye kona za plastiki unga wa njano bado upo.

Nikasema, "Selestini, mimi..."

"Nilinusa tu, mjomba. Siku ileile. Hata kabla sijaona."

Nikamwuliza kwa nini hukusema. Nilimwuliza kwa ukali! Kama vile yeye ndiye kaniudhi.

"Niseme? Watu thelathini wanapiga meza, niseme mjomba wa Priska kapulizia kompyuta kwa mashine ya korosho? Wangekucheka mpaka Ndanda. Ungepewa jina, wajukuu wako wangeitwa hilo jina. Mkwe hamvui nguo mjomba."

Nikasema ahsante mwanangu.

"Ngoja," kasema. Sauti ikabadilika. "Sijamaliza. Nilijua utarudi wewe mwenyewe. Nikasema nimpe siku tatu, ni mtu mzima, ataona aibu peke yake, atakuja. Zikapita tatu. Ikapita wiki. Watu wanakuja hapa kuchukua mashine zao, wengine wanahesabu skrubu mbele yangu. Mbele yangu, mjomba! Halafu nikasikia umewajibu wazee hapana. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nafikiri umekosea. Kumbe hukukosea."

Nikasema nisamehe.

"Sitaki uniombe msamaha hapa, sisi wawili na redio ya bibi. Kunywa chai yako."

Nilikunywa. Ilikuwa ya moto nikainywa yote.

Nikauliza Jumamosi utasema? Wazee wako wakija?

"Mimi sitasema kitu. Mchumba hasemi kwenye kikao. Nimelelewa. Wewe ndiye utajua ulivyolelewa."

Nilipotoka sikusikia shikamoo wala kwaheri.

Alhamisi, 31 Julai

Nimepanga maneno. Nimeyapanga mara tano. Kuna namna ya kusema "kulitokea vumbi" bila kutaja mashine. Kuna namna ya kusema "hakuna aliyekosea." Nzuri sana hiyo, kila mtu angeitikia.

Nimeyakata yote.

Hamudi kapita. Kasema Jumamosi niachie mimi, mtani. Dada yako kanialika niwe shahidi. Nitawaeleza ilivyochakaa. Nikamwambia usije. Kasema unaogopa nini, mimi nimesimama na wewe! Nikamwambia mtani, kadi ile ilikuwa mpya. Akanipiga begani, akacheka, akaenda zake. Hakusikia. Au kasikia. Kauza nyekundu tatu toka mwezi huu uanze, wote wanasema kijani ni ya wezi.

Jumamosi, 2 Agosti

Saa tisa alasiri. Naandika chumba cha gemu, kwenye kaunta. Wamenitoa nje ya mambo yangu mwenyewe. Wacha niandike, mikono ipate kazi.

Kikao kilianza saa sita, sebuleni kwangu. Mzee Anselmo na watu wake wanne kwenye mkeka. Upande huu dada Scholastika, Ethel, Hamudi na shati lake jekundu, mimi kwenye kiti cha mjomba. Priska karibu na mlango wa jikoni. Selestini nje kwenye benchi, peke yake, kama inavyotakiwa.

Scholastika hakungoja hata sala iishe vizuri. Hamudi sema. Hamudi akasema. Anasema vizuri yule! Kadi ilikuwa na mikwaruzo, kadi ilikuwa na harufu ya kutumika, boksi lilikuwa limefunguliwa na kufungwa. Boksi! Boksi hajawahi kuliona. Nilikuwa nasikiliza uongo wangu umeota miguu, umevaa na viatu.

Nikasimama. Nikasema kaa, Hamudi. Yote aliyosema si kweli. Kadi ilikuwa mpya. Selestini hakuiba. Mimi niliipulizia kwa mashine ya korosho, ikaingia salfa, ikafa. Nilijua, nikamwita mwizi. Ndivyo nilivyosema. Hivyohivyo, mafupi. Yale niliyopanga hayakuja hata moja.

Nikabaki nimesimama.

Nilingoja wanipige, wanilaani, lolote.

Scholastika kaniangalia kwa huruma. Kwa huruma! Kasema, "Gasper, wamekupa nini?"

Nikasema dada, sijapewa kitu.

"Jumatatu ulikwenda Newala. Umeonekana. Umevaa koti. Umekaa kwa huyo kijana, umekunywa chai yake. Leo unarudi unatuambia habari ya mashine ya korosho?"

Hamudi akacheka kwa nguvu. "Mashine ya mgongoni! Ndani ya kompyuta! Jamani, huyu kamaliza fomu foo shule ya Chidya. Ni mzee wa kanisa. Nyie mnamwona ni mtu wa kufanya hivyo?" Kaniuliza mimi mwenyewe: "Mtani, ni mtu gani mwenye akili afanye hivyo?"

Nikasema mimi.

Wakacheka. Hata upande wa Mzee Anselmo kuna mmoja kacheka, akaziba mdomo.

Ethel akasema nguo nilizifua mimi, zilikuwa njano. Scholastika kamwambia wewe mama nawe, mumeo anapulizia korosho, ulitaka zirudi za bluu?

Mzee Anselmo akasimama. Kasema sisi hatujampa mtu hata shilingi. Tulikuja tuoshwe jina, sasa tumeongezewa. Jana mtoto wetu mwizi, leo mwizi na mtoa rushwa. Akaanza kutafuta viatu vyake.

Niliapa. Nikasema wallahi, mimi Mkristo! Hamudi akasema ona, mpaka dini kachanganyikiwa.

Hapo ndipo Priska alisema. Hakunyanyua sauti. Aliuliza, "Mjomba, nyekundu mliiweka kwenye kasha lilelile?"

Nikasema lilelile.

"Mlilifungua mkaliosha?"

Nikasema nilifuta na kitambaa. Kidogo.

"Basi salfa bado imo. Feni zinaizungusha. Wiki tatu na zaidi." Akamgeukia mama yake. "Ifunguliwe nyekundu. Ikiwa nyeusi ndani, mjomba kasema kweli, na hiyo hakuileta Selestini. Kaileta kaka Hamudi, mpya, watu wote wameona."

Hamudi kakataa. Kasema ukifungua dhamana imekufa, ni kadi ya bei kubwa, haiguswi. Mzee Anselmo akaweka viatu chini. Kasema kijana, ya kwako ni mpya? Hamudi kasema mpya kabisa. Uliileta imetumika? Haijatumika. Basi itakuwa inang'aa, kasema mzee. Twende tukaione iking'aa.

Tumekuja wote huku. Wamejaa mpaka mlangoni, na wale wa gemu wamepanda kwenye viti. Hamudi kasema hafungui yeye, mikono yake haitafungua. Akaitwa Selestini. Mchumba anaingia kikaoni na bisibisi!

Yuko mezani sasa. Kadi iko mbele yake, nyekundu. Haniangalii. Skrubu anazipanga kwenye kifuniko cha chupa. Moja. Mbili. Scholastika kasimama nyuma yake anamwangalia mikono asije akaweka kitu. Priska naye anamwangalia mama yake.

Hamudi katoa jasho mpaka shati limebadilika rangi. Juzi alikuwa mtani wangu.

Skrubu tatu.

Wiki tatu sio nyingi. Kitambaa kilikuwa kikavu safari hii. Labda nilifuta vizuri kuliko ninavyokumbuka. Ikiwa safi, Selestini mwizi mara mbili na mimi mzee wa kununuliwa kwa chai, na hakuna mtu Masasi wala Newala atakayenisikiliza tena nikisema neno la kweli. Na sitamlaumu mtu.

Iwe nyeusi. Ee Bwana, kadi yangu mwenyewe, iwe imeoza. Iwe imeliwa yote. Sijawahi kuomba hivi.

Ya nne imetoka. Bati limegandana na kadi, haliachii. Kajaribu mara mbili.

Anasema, bila kugeuka: "Mjomba, njoo ushike upande huu, mimi nivute—"